Mafuta kwenye mguu wa pikipiki: kabla ya kubadili sipi, gusa bomba



Juma hili tunaongea juu ya pikipiki, na zaidi juu ya miguu yake ya mbele. Wengine watasema hiyo ni habari ya wanaume na ya garaji. Lakini tujiulize: ni nani anayepanda nyuma ya motari na mtoto mgongoni kwenda kwenye kituo cha afya? Ni nani anayetoka soko na fuko la unga kwenye magoti, mvua ikinyesha, njia ikiteleza? Ni sisi. Na tangu vikundi vyetu vya AVEC na likelemba vianze kununua pikipiki na kumpa motari afanye nayo kazi, pikipiki imekuwa mali yetu pia. Inalipa masomo ya watoto, inalipa dawa. Mwenye ng'ombe anajua kumwangalia ng'ombe wake akichechemea. Mwenye pikipiki naye ajue.

Neno tunalotaka mlishike ni moja: mguu wa mbele ukianza kutoa mafuta, kubadili mpira peke yake si kutengeneza. Lazima kutafuta kitu kilichoukata mpira huo.

Miguu hiyo inafanya kazi gani?

Gurudumu la mbele linashikwa na miguu miwili. Mafundi wetu wanaiita furshi, wengine wanasema amortiseri za mbele. Kila mguu una mabomba mawili, moja linaingia ndani ya lingine. La ndani ni la chuma kinachong'aa, kilichopakwa kromu. La nje, upande wa chini, mara nyingi ni la aluminiyumu. Ndani mna resori ndefu, tena mna mafuta.

Resori inapokea pigo la jiwe. Lakini resori peke yake ni kama mtoto anayeruka kitandani: inashuka, inapanda, inashuka tena, haitulii. Mafuta ndiyo yanayoituliza. Yanalazimishwa kupita katika matundu madogo, na kwa kuwa hayapiti upesi, mguu unashuka na kupanda polepole. Hivyo gurudumu linabaki chini. Hapo ndipo usalama wetu ulipo. Gurudumu linalorukaruka juu ya mawe kila mara linaachana na ardhi, na gurudumu lisilogusa ardhi halisikii freni wala halifuati gidoni.

Pale bomba la ndani linapoingia katika lile la nje, kuna mpira wa mviringo wenye mdomo mwembamba unaokumbatia chuma. Huo ndio sipi. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke. Juu yake kuna mpira mwingine, wa kuzuia vumbi na matope. Sipi ikikatika, mafuta yanatoka kidogo kidogo, yanatiririka kwenye mguu mpaka chini, karibu na freni. Hasara inakuwa mara mbili: ndani mafuta yamepungua, na nje yanaweza kulowesha freni. Freni yenye mafuta haishiki vizuri. Anayejua miteremko ya Kadutu hahitaji kuelezwa zaidi.

Kikundi kilichokaribia kuvunjika

Kikundi kimoja cha wamama, hapa kwetu kwenye vilima vya Bukavu, kilinunua Yamaha AG100 iliyokwisha kutumika. Wengi mnaijua pikipiki hiyo. Ilitengenezwa kwa ajili ya kazi za shamba: ina vyuma vya kubebea mzigo mbele na nyuma, mnyororo wake umefunikwa, injini yake ni ndogo na inachoma mafuta pamoja na esanse. Mapadri, wauguzi na waagronomi wa siku zilizopita walipanda nayo milima ambayo gari halikupanda. Ni pikipiki nguvu. Lakini ni mzee, na mzee anaumwa magoti.

Mguu wa kushoto ulianza kutoa mafuta. Wakaipeleka kwenye garaji, sipi ikabadilishwa. Baada ya majuma mawili mafuta yakarudi. Wakabadili tena, yakarudi tena. Mara ya tatu, mkutano ukawa moto. Mama mmoja alisema motari anabeba watu watatu usiku. Mwingine alisema mama mweka hazina analeta hati za garaji zisizo za kweli. Mama mweka hazina alilia, akataka kurudisha kaye na sanduku. Motari naye akasema atawaachia piki yao. Urafiki wa miaka mingi ulikuwa unakwenda kwa sababu ya tone la mafuta.

Walituomba twende kuangalia pamoja na fundi mzee wanayemwamini. Yule fundi hakufungua kitu kwanza. Alipanguza bomba kwa kitambaa safi, kiisha akamwambia mama mweka hazina: "Mama, pitisha ukucha hapa, kutoka juu kwenda chini." Ukucha ukashuka, ukakwama. Ukashuka, ukakwama tena. Kulikuwa na vitundu vya kutu, vidogo kama punje za ulezi, pale hasa sipi inapopita. Kabla ya kununuliwa, piki ile ilikuwa imelala nje ya nyumba misimu miwili ya mvua. Maji yalikaa kwenye chuma, kromu ikatoboka.

Basi, kila mara piki ilipopita juu ya jiwe, mdomo laini wa sipi ulipanda na kushuka juu ya vitundu vile. Ilikuwa kama kusugua kidole kwenye kikwaruzo cha karoti, mara elfu kwa siku. Sipi ya kwanza ilikatwa, ya pili ikakatwa, ya tatu ikakatwa. Sipi hazikuwa mbaya. Motari hakuwa na kosa. Mama mweka hazina hakuwa amekula hata franga moja. Chuma ndicho kilichokuwa na jibu, na kila mtu alikuwa anauliza watu.

Bei ya bomba lingine iliwatisha. Lakini walichukua kaye, wakajumlisha: sipi mara tatu, mafuta mara tatu, kazi ya fundi mara tatu, na siku zote ambazo piki ilikaa garaji bila kuleta pesa ya jioni. Waliona kwamba bomba walikuwa wamekwisha kulilipa, ila hawakulipata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawa walikuwa wanapaka rangi juu ya ufa.

Kazi kamili inafanyika namna gani?

Tuliomba fundi afanye kazi mbele yetu, na tunawaandikia hatua zake ili mzitambue siku yenu ikifika. Hatusemi kila mama ashike kle. Tunasema aliyelipa ajue anacholipia.

Kwanza, piki inawekwa juu ya kigogo imara chini ya injini, mpaka gurudumu la mbele liachane na ardhi. Kabla ya kutoa miguu, fundi analegeza vifuniko vya juu yake wakati miguu bado imekazwa kwenye te, yaani kile chuma kinachoshika miguu miwili pamoja chini ya gidoni. Akiacha jambo hilo mpaka mguu uko mkononi, atapata shida kubwa. Na anapomaliza kufungua kifuniko, anakibana kwa kiganja na kitambaa, uso ukiwa pembeni, kwa sababu resori inaweza kukirusha.

Pili, anatoa gurudumu na matopegadi, anavuta miguu, anamwaga mafuta ndani ya chombo cheupe. Mwangalie mafuta hayo. Yakiwa ya kijivu na yanametameta, chuma kinajila. Yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Tulipima pia yaliyotoka mguu wa kushoto na wa kulia: kushoto yalikuwa hayafiki nusu ya yale ya kulia. Piki ilikuwa inatembea kwa mguu mmoja.

Tatu, anafungua buloni ya chini ya kila mguu na kutenganisha mabomba. Sipi ya zamani inashikwa na waya wa mviringo. Anatoa waya huo, kiisha anainua sipi akiweka kipande cha mbao au kitambaa chini ya chombo chake, ili asikwaruze aluminiyumu. Mkwaruzo pale ni njia mpya ya mafuta kutoka. Vyote vinaoshwa kwa petroli ya taa na kupanguzwa mpaka vikauke, mbali na jiko na sigara.

Nne ni kupima, na hapa ndipo kazi ya kweli ilipo. Bomba linaviringishwa polepole juu ya kioo cha dirisha kilicholala sawasawa. Likiwa limenyooka, linakwenda kimya. Likiwa limepinda, linacheza, na mwanga unaonekana chini yake. Lililopinda kidogo sana linaweza kunyooshwa kwa mashine ya kubana, likiwa baridi. Lenye mkunjo au ufa linatupwa, hata kama fundi anasema litavumilia. Na asilitie kwenye moto: moto unalegeza chuma na kuharibu kromu. Resori mbili zinasimamishwa bega kwa bega. Iliyo fupi imechoka, na zinabadilishwa zote mbili pamoja.

Tano, kutu. Kama kutu iko juu kabisa, mahali sipi haifiki, haidhuru sana. Inasafishwa na kupakwa mafuta. Kama ni alama nyepesi mahali sipi inapopita, fundi anachukua msasa laini, namba 1000 au 1500, wenye mafuta, anasugua akizunguka bomba. Asisugue kwa urefu, maana mikwaruzo ya urefu ni mifereji ya mafuta. Kama ni kitundu kimoja au viwili, kuna wanaoviziba kwa gundi ngumu ile ya kuchanganya sehemu mbili, kiisha wanasugua mpaka ukucha usikwame. Hiyo inasaidia kwa muda. Kama vitundu ni vingi, bomba libadilishwe. Bomba la kushoto la wamama wetu lilikuwa na vitundu vingi. La kulia lilisuguliwa likapona.

Sita, kurudisha. Sipi mpya inapakwa mafuta. Ikiwa inapita kwenye ncha ya bomba, ncha hiyo inafunikwa kwanza na kipande cha mfuko laini wa plastiki, ili mdomo wa sipi usikatwe kabla ya kuanza kazi. Inaingizwa ikiwa imenyooka, kwa kuigonga na kipande cha bomba la maji chenye upana wake, si kwa msumari na nyundo upande huu na upande ule. Buloni ya chini inawekewa rondele mpya ya shaba. Ile ya zamani mara nyingi inavuja.

Saba, mafuta. Yawe mafuta ya furshi, na namba yake iwe ile ya kitabu cha piki. Kwa pikipiki ndogo mara nyingi ni 10W. Mafuta machafu ya vidanje yaliyotoka ndani ya injini hayafai kabisa: yamebeba masizi na unga wa chuma, na huo unakula sipi mpya. Kiasi kiwe sawa kwa miguu yote miwili, kipimwe kwa chombo chenye namba. Sindano kubwa ya famasi au chupa ya dawa ya mtoto yenye mistari inatosha. Fundi anapandisha na kushusha mguu mara kumi hivi ili hewa itoke, kiisha anaingiza kijiti na kulinganisha urefu wa mafuta pande zote mbili.

Mwisho, miguu inarudi kwenye te, gurudumu linarudi, na kabla ya kukaza kila kitu fundi anasukuma gidoni chini mara kadhaa ili miguu ikae sawasawa. Anakaza, anajaribu freni, kiisha motari anatembea polepole peke yake. Hakuna abiria kwenye safari ya kwanza.

Mambo ya kuuliza garaji

Tunawapa maswali matano. Yaandikeni mwishoni mwa kaye ya kikundi.

1. Umepitisha ukucha kwenye bomba? Tuonyeshe.
2. Bomba limenyooka? Ulilipima kwa kitu gani?
3. Umeweka mafuta gani, na kiasi gani kila upande?
4. Sipi, waya na rondele za zamani ziko wapi? Piyesi zote za zamani zirudi kwa kikundi ndani ya mfuko.
5. Mbona unabadili upande mmoja tu? Sipi zinabadilishwa kushoto na kulia pamoja, kwa sababu umri wao ni mmoja.

Fundi mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Anafurahi kwamba kuna mtu anayeona kazi yake. Anayekasirika amekujibu tayari.

Kupima bila kle

Kuna majaribio matatu ambayo kila mama anaweza kufanya, hata abiria, kabla ya kupanda.

Angalia bomba linalong'aa. Likiwa kavu na vumbi jepesi, ni sawa. Likiwa na pete ya mafuta na matope meusi yamegandamana, sipi imechoka.

Mwambie motari ashike freni ya mbele, asukume gidoni chini kwa nguvu, aache. Piki ishuke laini, ipande polepole, itulie. Ikirukaruka mara mbili tatu, mafuta yamekwisha. Ikigonga "ko!" chini, ni hivyo pia, au resori imechoka.

Akiwa bado ameshika freni, aisukume piki mbele na nyuma kidogo. Ukisikia mchezo chini ya gidoni, basi zile bili za shingo ya piki zimelegea, na ugonjwa huo haufichwi na sipi mpya.

Matunzo ya kila siku

Jioni, motari apanguze mabomba mawili kwa kitambaa chenye unyevu, kiisha kikavu. Ni dakika mbili. Matope yaliyokauka juu ya chuma ni msasa unaongoja asubuhi. Asisugue kwa mchanga wala kwa waya wa sufuria. Piki ilale chini ya paa. Wengine wanafunika mabomba kwa soksi za mpira, na ni vizuri, lakini soksi hizo zifunguliwe na kusafishwa, kwa sababu maji yakinaswa ndani, kutu inakula chuma gizani. Na mzigo wa mbele uwe mwepesi. Bidoni mbili zilizofungwa karibu na gidoni zinakaa juu ya miguu hiyo siku nzima.

Tena tuwe wa kweli na sisi wenyewe. Motari tunayemdai pesa nyingi kila jioni atabeba watu watatu ili aifikishe. Kikundi kinachotaka miguu ya piki idumu kiweke deni ambalo mtu anaweza kulilipa akibeba abiria mmoja. Kiweke pia sehemu ndogo ya kila siku pembeni, kwenye bahasha ya piki, isiguswe kwa mkopo wala kwa matanga. Siku ya bomba kubadilishwa, pesa iwe imekwisha kungoja.

Wale wamama wa AG100 bado wako pamoja. Mama mweka hazina alibaki na sanduku lake, na kwenye kaye kuna ukurasa mpya wenye tarehe, kiasi cha mafuta na jina la kila piyesi. Bomba la zamani limetundikwa ukutani mahali wanapokutania. Mtu akitaka kumshitaki mwenzake bila kuangalia, wanamwambia kwanza akapitishe ukucha pale.

Jioni hii, kabla motari hajaingiza piki, mtoke na kitambaa safi mkaiangalie. Tukutane juma lijalo.